Tunaomba Serikali

Tazama taarifa ya habari ya saa moja jioni, siku yoyote. Nyumba zimeteketea Mukuru, mtaro umefurika Kayole, mtoto amekosa karo ya sekondari. Mwandishi anasogeza kipaza sauti, na mtu aliyepoteza kila kitu anaitazama kamera na kusema: "Tunaomba serikali…" Tumeisikia hiyo sentensi mpaka tukaigeuza mzaha. Msee akiachwa na mpenzi anaandika mtandaoni, serikali saidia. Tunacheka.

Mimi siku hizi sicheki sana. Katika jamhuri, nani anafaa kumwomba nani?

Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote ya juu ni ya wananchi wa Kenya. Rais, bunge, mahakama, kaunti, wote wamekabidhiwa tu. Sasa ni kama wewe ndiye mwenye ploti, halafu kila asubuhi unasimama getini ukimbembeleza soja akufungulie.

Nenda ofisi ya chifu yoyote huku Eastlands Jumatatu asubuhi. Kuna anayetaka barua ya kitambulisho, kuna waliofiwa, kuna mzazi mwenye fomu ya basari. Kabla sijaacha chuo mwaka wa pili, nilipiga foleni kama hiyo mara tatu kwa muhuri mmoja. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hayuko. Lakini hakuna hata mmoja wetu kwenye ile foleni aliyewahi kumpigia kura, wala ambaye angeweza kumwondoa.

Hiyo si bahati mbaya, ndivyo kazi yenyewe ilivyoundwa. Waingereza walitawala kwa mnyororo: gavana juu, halafu mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, na mwisho kabisa chifu. Amri zilishuka, ripoti zilipanda. Sheria ya Machifu ni ya 1937. Mtu wa chini alikuwa na njia moja tu ya kusema na serikali, nayo ni kuomba. Alivaa kipande shingoni, na mpaka leo kuna wanaoita kitambulisho kipande bila kuwaza neno limetoka wapi.

Tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Mnyororo haukukatwa, ulifungwa upya kwenye ofisi ya rais, na majimbo yakafutwa. Mwaka 1988, kwenye kura ya mlolongo, watu walisimama foleni nyuma ya wagombea wao mchana kweupe, na kuna mahali afisa wa utawala alimtangaza mwenye foleni fupi kuwa mshindi. Katiba mpya ikatoa miaka mitano utawala wa mikoa upangwe upya uendane na ugatuzi. Wakapanga majina. DC akaenda, kamishna wa kaunti akaja. Chifu akabaki chifu.

Nilimwambia haya yote mama anayeuza mboga mbele ya ploti yetu, akaniangalia kama mtu aliyechelewa kula. "Kijana wangu," akasema, "MCA nilimpigia kura. Ulishamwona? Chifu yuko hapa. Mume wa huyo jirani akimpiga, tunakimbia kwa nani?"

Hapo manze alinibana. Ni kweli, huku kwetu mtu ambaye hatukumchagua mara nyingi ndiye anayepatikana, na tuliyemchagua amebadilisha namba ya simu. Lakini naona anachosifu yeye ni ukaribu, na ukaribu si kitu kimoja na haki. Chifu akikusaidia leo, amekufanyia wema. Asipokusaidia kesho, huna pa kumshika. Mtu anayeishi kwa wema wa mkubwa hujifunza kuinamisha kichwa hata pale anapodai kilicho chake, na akizoea huanza kuona hiyo ndiyo adabu.

Ndiyo maana Juni 2024 iliwashtua wakubwa hivyo. Vijana hawakuomba Mswada wa Fedha upunguzwe makali. Walisema wanaukataa. Tarehe 25 wakaingia bungeni na wengine wakauawa kwa risasi. Tarehe 26 rais akatangaza hatautia sahihi. Kitenzi kilikuwa kimebadilika, na malipo yake yalikuwa maiti. Sitaki kuifanya hiyo iwe hadithi tamu.

Mwezi uliopita maji yalikatika kwetu siku tisa. Mathe wa mboga akaenda barazani kuomba. Mimi nikaandika barua kwa ofisi ya umma inayohusika, nikitaka ratiba ya mgao na sababu za kukatika. Ibara ya 35 inanipa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Inaruhusu hata uandike kwa Kiswahili. Nilifuta neno "naomba" mara mbili, maana mkono ulikuwa unaliandika wenyewe.

Maji yalirudi Alhamisi. Mathe anasema ni baraza, na ananikumbusha kila nikinunua sukuma. Barua yangu haijajibiwa. Siku ya 21 ni Jumanne ijayo.