Miombo na Makala Yetu

Mwezi wa Septemba, mvua ingali mbali, miombo ya Katanga huvaa majani mapya mekundu. Maji huyapata wapi? Mizizi huyavuta toka chini sana, na shina huyaweka akiba. Matawi hunyosha majani juani, nayo hutengeneza sukari. Sukari nyingine hushuka mizizini kulisha nyuzi za uyoga. Uyoga nao huuletea mti maji na chumvi za udongo. Uyoga mwingi tunaokula na bukari huota hivyo. Mti ukikatwa, nyuzi zakosa chakula. Kisiki chaweza kuchipua, lakini chataka miaka mingi.

Twamlaumu mchoma makala. Je, bukari ile tuliipika kwa moto gani? Naye ana watoto. Tukimwambia aache, tutampa nini?