Je, Yafaa Kuingia Kati ya Chungu na Chungu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitambaacho ardhini na kukipa riziki yake. Amma baad: haya ni mas-ala ambayo mwenye shamba la minazi hana budi kuyakabili. Ikiwa taifa moja la chungu lalifukuza taifa jingine katika miti yake, je, ana haki ya kuingia kati na kulisaidia moja juu ya jingine? Au yampasa anyamaze, awaachie viumbe mambo yao?

Kwanza ijulikane khabari yenyewe. Maji moto ni chungu ajulikanaye na kila aliyepanda mwembe au mnazi: huyaunga majani kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wake, akafanya nyumba juu ya mti, na aumapo huchoma kama jina lake. Kazi yake ni kuwinda wadudu. Miongoni mwa wanaowindwa ni mdudu mmoja wa jamii ya kunguni, afyonzaye vidaka vya mnazi hata vikapukutika kabla ya kuwa vitale. Mtaalamu M. J. Way aliyachunguza hayo Unguja, na mwaka 1953 akachapisha aliyoyaona: penye maji moto wa kutosha, mnazi huhifadhika. Lakini ardhini hukaa chungu mwingine, mdogo, wa rangi ya kahawia, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa mno. Huyu huja kwa wingi, humpiga maji moto na kumwondoa mtini. Kisha yeye mwenyewe hamzuii yule kunguni. Ndipo mwenye shamba huokota vidaka vikavu badala ya kuangua nazi.

Atasema msemaji: Waache, hayo ni ya Muumba wao. Naye ana hoja. Katika Sura ya An-Naml yametajwa maneno ya chungu aliyewaonya wenziwe jeshi la Nabii Suleiman lisije likawaponda. Na katika Hadithi chungu ametajwa pamoja na nyuki katika wanyama waliokatazwa kuuawa. Tena kimepokewa kisa cha Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamrisha kijiji chao chote kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma unaomsabihi. Basi chungu si takataka ya kukanyagwa, na atakaye kumuua yampasa awe na sababu.

Hoja hizi ni za kweli, lakini hazimalizi maneno. Kwani asemaye "niwaache kama walivyo" hudhani kuwa mkono wake haujaingia bado, na kumbe umekwisha kuingia zamani. Wataalamu wa Tanzania, akiwamo Zuberi Seguni, pamoja na Way mwenyewe, walichapisha mwaka 2011 kuwa shamba likifyekwa likawa jeupe, chungu wa kichwa kikubwa hukosa chakula chini, akapanda mitini na kumfukuza maji moto. Na majani yakiachwa ardhini, wote wawili huweza kukaa. Basi aliyevianzisha vita ni jembe. Mwenye jembe hawezi kusema kuwa hayamhusu.

Na chungu huyu husafiri kwa mizigo ya watu, katika udongo na miche. Katika nchi ya Laikipia, Kenya, alifika mwanzoni mwa karne hii, akawaua chungu wenyeji ambao huilinda migunga kwa kuwauma ndovu. Ulinzi ulipoondoka, ndovu wakaivunja migunga mara 5 mpaka 7 zaidi ya mahali asipofika. Mwaka 2024 ilichapishwa kuwa hata simba wa Ol Pejeta walibadilika mawindo: maficho yalipopungua punda milia wakawaponyoka, nao wakageukia nyati. Mtu wa pwani na alitie moyoni jambo hili. Reli itokayo Dar es Salaam hupita Ihumwa kabla ya kufika Dodoma, katika nchi ya Wagogo, nchi ya migunga na ng'ombe. Mche upelekwao huko na udongo wake hauendi peke yake. Aupelekaye bila kuutazama huenda akawapelekea wenziwe balaa wasiloliomba. Na usalama wa nchi ya jirani ni amana.

Lakini mtu asije akafahamu kuwa kosa la chungu yule ni ugeni. Mkarafuu ni mgeni. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukalisha watu. Mwembe nao asili yake ni Bara Hindi. Wala wenyeji wa maji moto si wema, kwani humuuma rafiki na adui. Hukumu hufuata madhara, haifuati nasaba. Atakayeichukua mas-ala ya wadudu akaifanya hoja ya kuwachukia watu waliotoka ng'ambo, ameipotosha, na damu za pwani zenyewe zitamkadhibisha.

Ikiwa kuingia kati kwafaa, basi kuna namna yake. Dharura hupimwa kwa kadiri yake. Na aanze kwa yasiyoua: ayaache majani ardhini, azuie sumu za kupulizwa ambazo humuua mlinzi pamoja na mwizi, afunge kamba au miti baina ya minazi ili maji moto wapite juu bila ya kushuka kwa adui. Wachina wametumia jamaa wa chungu huyu katika michungwa tangu zama za kale, wakiunganisha miti kwa mianzi. Hayo yasipotosha, majaribio yaliyochapishwa mwaka 1991 na 1992 katika minazi ya Tanzania yalionyesha kuwa chambo chenye sumu, kichukuliwacho na chungu wa kichwa kikubwa mpaka shimoni mwake, humpunguza, na maji moto wakaenea. Hicho na kitumiwe penye madhara tu, kwa kiasi, wala si kwa chuki.

Imebaki haki isahaulikayo, nayo ni ya mkwezi. Maji moto humlindia mwenye shamba nazi zake, lakini ngozi iumwayo ni ya mkwezi. Ndiyo sababu wakwezi wengi humchukia mdudu huyu, wakazichoma nyumba zake. Mkwezi na akumbuke kisa cha yule Nabii, kwani ndicho kisa chake: ameumwa na mmoja, ameteketeza umma. Lakini mwenye shamba akimkataza bila ya kumpa kitu, amejichukulia faida yote na kumtwika mwenziwe maumivu yote, na hiyo ni dhulma hata minazi ikistawi. Na amwongezee ujira kwa kila mti wenye maji moto, na ampe nguo za kufunika mikono na miguu. Atakaye kupatanisha baina ya chungu na chungu, na aanze kwa uadilifu baina yake na mtu aliye juu ya mnazi wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.