Jembe la Mkimbiaji

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni fupi, lakini hukumu iliyomo ndani yake ni nzito. Lamshtaki mtu ambaye, msimu wa mvua ufikapo, hushinda akigeuza majembe mikononi, akililaumu hili kwa wepesi na lile kwa mpini, mpaka jua likatua juu ya shamba lisilolimwa. Kwa mtu wa namna hiyo kuchagua si mwanzo wa kazi. Ni maficho ya uvivu. Walakini methali ni kama dawa: huponya ugonjwa iliyotengenezewa, na huweza kudhuru ikinywewa ugonjwa mwingine. Mtu aliyewekewa majembe kumi mbele yake na mtu mwenye fedha ya kununua jembe moja tu si watu wa hali moja. Wa kwanza akichagua sana anacheza. Wa pili asipochagua anajiangamiza. Ni lini, basi, uchaguzi wa chombo huwa uvivu, na ni lini huwa wajibu? Na chombo kikiisha kuchaguliwa, sifa ya kazi ni ya nani: ya mkono au ya jembe?

Swali hili ni la kale, lakini zama hizi limevaa viatu. Katoro ni mji wa biashara katika wilaya ya Geita, juu ya njia kuu itokayo Geita kwenda Chato, uliopakana na Buseresere hata mgeni asijue mji mmoja waishia wapi na mwingine waanzia wapi. Watu wa huko wanajua vyombo na thamani ya vyombo. Katika nchi ya dhahabu iliyowazunguka, mmoja hushuka katika duara na sululu, mwingine husaga mawe kwa karasha, na si mbali nao mgodi mkubwa huvunja mlima kwa mitambo. Wote huitafuta dhahabu ileile, wala hakuna asemaye kwamba gramu iliyopatikana kwa sululu hung'aa kuliko gramu iliyopatikana kwa mtambo. Mizani haiulizi jasho.

Na afikiriwe kijana mmoja katika mji huo. Mchana hubeba viroba vya mawe ya dhahabu. Alfajiri hukimbia kandokando ya barabara kabla malori hayajaamka. Amepata habari za mbio ndefu na zawadi zake, na miguu yake imemwambia kwamba si mtu wa nyuma. Sokoni, kati ya viatu vya mitumba vilivyotundikwa kwa kamba, ameona jozi moja yenye soli nene, ambayo muuzaji anaapa kwamba ndani yake mna bamba la kaboni, kiatu cha mabingwa. Bei yake ingemaliza akiba ya miezi mingi. Kando yake pana jozi ya kawaida, nzima, kwa bei anayoiweza. Kijana huyo hachezi. Kosa lake litalipwa kwa chakula cha nyumbani.

Yafaa kwanza kukijua kiatu chenyewe, maana aghalabu watu hubishana juu ya kitu wasichokijua. Kiatu cha namna hiyo kilianza kuuzwa na kampuni ya Nike mwaka 2017, kwa dola 250 za Marekani, na kampuni nyingine zikafuata. Ndani ya soli ya sponji nene, nyepesi na yenye kurudisha sehemu kubwa ya nguvu inayoibonyeza, hulazwa bamba gumu la nyuzi za kaboni. Hakina injini, wala hakimsukuma mtu aliyesimama. Hurudisha tu sehemu ya nguvu ambayo mkimbiaji mwenyewe ameitia chini, nguvu ambayo katika kiatu kingine ingalipotea bure. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliotangazwa mwaka 2017, uliwapima wakimbiaji 18 ukaona kwamba kiatu hicho kiliwapunguzia matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4 hivi. Baadaye watafiti walilikata bamba ili kulivunja ugumu wake, wakaona tofauti ndogo sana: kumbe sehemu kubwa ya faida ilikuwa katika sponji, si katika bamba lililobeba jina. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Na watu wa Geita hawahitaji kufundishwa methali hiyo.

Wako wasemao kwamba kiatu hicho ni mwizi wa heshima. Hoja yao ina mfano mkubwa. Mwaka 1960, katika mji wa Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia maratoni ya Olimpiki bila viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hapo, wasema, palikuwa na mtu na ardhi tu, wala hapakuwa na wa tatu wa kugawana naye taji. Miaka 59 baadaye, Oktoba 2019, Brigid Kosgei wa Kenya alikimbia Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, akivunja rekodi ya wanawake iliyodumu tangu mwaka 2003. Na kabla jasho lake halijakauka watu walikuwa wakiulizana habari za viatu vyake. Jambo hilo lina uchungu. Mwanamke amefanya kazi ambayo hakuna mwanamke aliyeifanya kabla yake, na sifa yake imeshukiwa kwa sababu ya kitu alichokikanyaga.

Walakini hoja hiyo yasahau nusu ya habari. Bikila yuleyule, mwaka 1964 huko Tokyo, alikimbia na viatu miguuni, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wala hakuna aliyesema kwamba dhahabu ya pili ilikuwa ya kiatu. Kama unyofu wa ushindi ungekuwa katika kupungua kwa vyombo, ingepasa kumlaumu mkulima kwa jembe, mvuvi kwa tanga na mwandishi kwa kalamu. Kipimo cha haki si wingi wa chombo. Ni kazi iliyoachiwa mtu. Baiskeli ingeichukua kazi ya mkimbiaji na kuigeuza kuwa kazi nyingine. Kiatu, hata kikiwa bora namna gani, humwachia mapafu yake, moyo wake, maumivu yake ya maili ya mwisho na uhuru wake wa kukata tamaa. Maadamu mtu anaweza bado kushindwa kwa udhaifu wake, ushindi wake ungali wake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya insafu. Heshima ya shindano haimo katika mshindi peke yake. Imo katika usawa wa mstari waliosimama wote kabla ya mlio wa bastola. Baraza la riadha la dunia lilitambua hatari hiyo, na mwaka 2020 likaweka sheria: soli ya kiatu cha barabarani isizidi unene wa milimita 40, bamba gumu lisizidi moja, na kiatu kiwe kimeuzwa hadharani kwa muda wa miezi minne kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Sharti hili la mwisho, ambalo baadaye lililegezwa kwa viatu vya majaribio, lilikuwa na nia njema, kwani lilikusudia kuwazuia wachache wasikimbie kwa siri wasiyokuwa nayo wengine. Lakini neno "kuuzwa hadharani" lina upofu ndani yake. Kiatu kilichoko dukani London kiko hadharani mbele ya sheria, bali mbele ya kijana wa Katoro kiko gizani. Kuna tofauti kati ya kitu kisichokatazwa na kitu kinachofikika. Mlango ulio wazi juu ya ukuta usio na ngazi ni mlango wa wenye mabawa. Mwaka 2023 kampuni ya Adidas ilitoa kiatu cha dola 500, chenye uzito wa gramu 138, kilichokusudiwa mbio za siku moja tu; Tigst Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin akakimbia kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Sheria haikuvunjwa, na Assefa hakumdhulumu mtu. Lakini dola 500 kwa siku moja ni habari ambayo mbeba viroba huisikia kama watu wasikiavyo habari za mwezini.

Basi lawama iwe ya nani? Haifai kumlaumu avaaye, kwa kuwa hakuitunga bei. Wala haifai kumlaumu akosaye. Lawama ni ya wenye kutunga sheria wakidhani kwamba usawa hutimia pale kitu kinapotundikwa dukani. Mtu mmoja hawezi kuliondoa deni hilo kwa kukimbia peku. Akifanya hivyo atajitia hasara bila kumpunguzia mwingine umaskini. Deni la wengi hulipwa na wengi: na vyama, na makocha, na mashindano yanayokumbuka kwamba si kila mguu wenye kipaji una mfuko.

Yabaki swali la kijana mwenyewe, naye hawezi kungoja mpaka dunia inyoke. Hapa hekima yasema mambo yasiyosemwa na muuzaji. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2023, wakimbiaji 7 wa Kenya wa daraja la juu walipimwa wakiwa na viatu vya namna hii. Faida ya mmoja ikafika asilimia 11.4, na hasara ya mwingine ikafika asilimia 11.3. Kiatu kilichompa mmoja kikamnyang'anya mwingine. Kadhalika, mwaka huohuo matabibu walieleza habari za wakimbiaji 5 walioumia mfupa wa katikati ya mguu baada ya kuvitumia, wakashauri kwamba mguu uzoeshwe taratibu. Tena sponji laini huchoka mapema; na jozi ya mitumba imekwisha kumpa mwenyewe wa kwanza ujana wake. Mazoezi ni maelfu ya maili, na shindano ni siku moja. Atumiaye chombo cha siku moja kwa kazi ya kila siku hupoteza chombo, na yamkini hupoteza mguu. Kwa sababu hizo kijana akinunua viatu vya kawaida kwa mazoezi, na kilichobaki akanunua chakula na usingizi, hatakuwa amechagua umaskini. Atakuwa amechagua vema. Na siku akipata kiatu cha bamba kwa njia ya halali, akijaribu polepole, akakiweka kwa ajili ya shindano, hatakuwa amefanya dhambi.

Lakini liko jambo moja ambalo asilinunue kwa bei yoyote, nalo ni imani kwamba kiatu ndicho yeye. Imani hiyo ina nyuso mbili. Aliye nacho hudhani amekwisha kuwa na miguu. Asiye nacho hudhani hana. Wote wawili wameacha kulima wakabaki kutazama jembe.

Tanzania ina mashahidi wawili dhidi ya imani hiyo. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza maratoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawa na Mjerumani Amanal Petros, akamshinda kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Katika upenyo mwembamba hivyo hakuna mizani iwezayo kutenga fungu la kiatu na fungu la moyo. Lakini yajulikana kwamba aliyeinama mbele mwishoni alikuwa mtu. Na mwezi Oktoba 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari alianguka njiani, goti likafungwa kitambaa, akaendelea akichechemea mpaka akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, ilhali wengine 18 walikuwa wameacha. Mshindi alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya saa nzima. Hakuna aliyewahi kuuliza Akhwari alivaa kiatu gani.

Mchagua jembe si mkulima, ikiwa kuchagua ndiko kulima kwake. Bali achaguaye kwa sababu shamba linamngoja, kisha akainama, ni mkulima kabla jembe halijagusa udongo. Alfajiri ya Katoro haimuulizi kijana amevaa nini. Yamuuliza kama ameamka.