UGONJWA UNA NJIA YAKE, TUIKATE

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:12-14



Kolera inapoingia katika mitaa yetu ya kando ya ziwa, tunasikia wengine wakisema: «Ni ulozi.» Kisha anatafutwa mama mzee mmoja, mjane asiye na mtetezi, abebe lawama ya vifo vyote. Wapenzi, jambo hili ni dhambi mbele ya Mungu, na tena halizuii ugonjwa hata siku moja.

Ugonjwa wa mlipuko ni nini? Ni ugonjwa unaoshika watu wengi kupita kawaida, mahali pamoja, kwa muda mfupi. Kolera inaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kinatoka katika tumbo la mtu kwa kinyesi na matapishi, kinaingia katika maji au chakula, kisha kinywani mwa mtu mwingine. Baada ya saa chache, ao hata siku tano, huyo anaanza kuharisha maji. Lakini wengi wenye kijidudu hicho hawasikii maumivu yoyote, na wanakitoa chooni siku kadhaa. Ndiyo sababu tunaona ugonjwa umefika nyumbani bila mtu kuuleta. Umeletwa na maji na mikono.

Tukumbuke Goma, mwezi wa 7, 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba vyoo ilikuwa taabu, na wengi walichota maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Tumtafute mlozi gani kwa vifo hivyo?

Mungu hakunyamaza juu ya neno hili. Katika somo letu anawaagiza Waisraeli watenge mahali nje ya kambi, wachimbe na kufukia uchafu wao. Basi anayechimba choo anamtii Mungu.

Sasa tuseme juu ya kanisa letu wenyewe. Maji ya baraka tunayapenda, na wengi wameyanywa kwa imani. Lakini maji yaliyochotwa ziwani yachemshwe kwanza, ndipo yaletwe kuombewa. Mtu asiseme kwamba kuchemsha ni kukosa imani. Yesu mwenyewe alikataa kujitupa chini kutoka juu ya hekalu, maana hatupaswi kumjaribu Mungu.

Tena tunawaomba:

1. Mgonjwa asilazwe katika nyumba ya maombi. Kolera kali inaua kwa saa chache. Apelekwe kituo cha afya mara moja, nasi tumwombee njiani.

2. Njiani anyweshwe: litre 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Wanaotunzwa mapema, karibu wote wanapona.

3. Aliyeosha maiti asipike chakula cha matanga.

4. Tunawe kwa sabuni tukitoka chooni na kabla ya kula.

Na yule mama mzee anayesingiziwa, tumtembelee, tumchotee maji, tumchemshie. Hiyo nayo ni ibada.

Mungu alinde nyumba zenu. Amina.