Kuhama Chama

Mtu akaaye Sachangwan, apendaye mchezo wa gofu, aweza kuwa mwanachama wa klabu ya Njoro, penye kiwanja cha mashimo 9, kisha akatamani ile ya Nakuru, yenye mashimo 18. Je, akihama atenda vibaya?

Wako wasemao kuwa kuhama ni utovu wa shukrani. Wengine husema kuwa mlipa ada ana hiari yake. Kweli, chama si jela. Lakini pia si duka. Mwanachama aondokapo huacha pengo kwa waliomfundisha kushika fimbo, na kwa chipukizi ambao naye angewafundisha.

Basi na apime nia yake. Akifuata kiwanja kipana, alipe madeni, aage wenzake, aende kwa heri. Akifuata fahari, akumbuke kwamba kabla ya uhuru wa 1963 vilabu vya nyanda hizi vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia humo kubeba mikoba na kutumika. Aupendaye mlango kwa kuwa wengine hawaupiti amerithi ubaguzi ule ule.

Enyi vijana, mchaguapo chama, msiulize tu mtapata nini ndani. Ulizeni pia ni nani aachwaye nje, na kwa nini.