Haya Si Kunyamaza



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye kuutafuta ukweli wa Islam, moja ni hili: Je, dini inayosisitiza haya kiasi hiki yaweza kumruhusu mzazi au mwalimu amfundishe mtoto wa shule ya msingi habari za mwili wake, za afya yake, na za namna ya kuishi na watu kwa usalama? Ndugu zetu waliosilimu karibuni nao huuliza kwa namna nyingine. Wao hudhani kwamba kwa kuwa sasa ni Waislamu, yawapasa kuyafunika mambo haya kwa kimya kabisa mbele ya watoto wao.

Jibu letu ni kwamba Islam imeamuru haya, wala haikuamuru ujinga. Haya ni nuru inayomzuia mtu asitende ubaya. Kimya kinachomwacha mtoto bila ya kinga si haya, bali ni uzembe uliovaa vazi la haya.

Tutazame kwanza Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Sura An-Nur waaminio wameamriwa kuwafundisha watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa joto la adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Ndugu msomaji, fikiri vema. Hili ni somo la mtoto mdogo, nalo ni somo juu ya mwili na heshima yake. Mtoto anayejifunza kwamba mwili wa baba na mama una sitara, hujifunza papo hapo kwamba na mwili wake una sitara, na kwamba hapana mtu mwenye haki ya kuuvunjia heshima. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliagiza kwamba watoto wafundishwe sala wafikapo miaka saba, na watengwe malazi wafikapo miaka kumi. Basi mafundisho haya hayangoji ndoa, huanza utotoni.

Pili, tutazame desturi ya masahaba. Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Bibi Ummu Sulaim r.a. alimwuliza Mtume s.a.w. mbele ya wengine jambo la siri ya mwanamke, naye akajibiwa kwa uwazi bila ya kukemewa. Na kijana mmoja alipomwendea Mtume s.a.w. akiomba ruhusa ya kuzini, watu walimkaripia, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamwuliza kama angependa jambo hilo litendwe kwa mama yake, binti yake, dada yake au shangazi yake. Kila mara kijana alikana. Kisha Mtume aliweka mkono juu yake na kumwombea. Hivyo ndivyo mwalimu wa kweli afundishavyo. Kama kijana yule angefukuzwa, angekwenda kutafuta jibu lake kwingine.

Tatu, mafunzo haya si mageni katika kisiwa chetu cha Unguja. Wapo wasemao kwamba yameletwa na Wazungu. Lakini katika vyuo vya mwambao watoto husomeshwa kitabu kidogo cha fikihi kiitwacho Safinatun Najaa, na mwanzoni mwake kabisa zimetajwa dalili za kubaleghe kwa mvulana na kwa msichana, na miaka tisa imetajwa humo waziwazi. Tena bibi zetu walikuwa na somo au kungwi aliyemkalisha mwari ndani na kumfundisha usafi, heshima na mambo ya unyumba. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa uimbaji wa taarabu, lakini watu wa Unguja walimjua pia kwa unyago. Hatusemi kwamba kila lililokuwamo katika unyago lakubaliana na dini. Yapo ya kuachwa. Twasema tu kwamba wazee wetu hawakuona kuwa kumfundisha mtoto ni aibu. Upungufu wake ni kwamba msichana alingojwa mpaka avunje ungo, na aliyofundishwa yalimwandaa zaidi kwa mume kuliko kujilinda. Leo unyago umepungua, na wazazi wengi hawakuweka kitu mahali pake.

Hapa hutolewa hoja mashuhuri: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Husemwa kwamba ukimfundisha mtoto utakuwa umemwamsha. Ingekuwa kweli kama mtoto angekuwa amelala! Lakini mtoto wa Darajani, wa Michenzani au wa shamba huyasikia mambo haya vichochoroni, na kuyaona katika simu ya mkononi, tena yakiwa yamechafuliwa. Swali si kama atajua au hatajua. Swali ni nani atakayemwambia kwanza, mzazi mwenye kumcha Mungu au mwovu wa mtaani.

Na uovu upo, ndugu zangu. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto, vijana wa Zanzibar nao waliulizwa. Wasichana kama 6 katika kila 100, na wavulana kama 9 katika kila 100, walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Tazameni vema hesabu hiyo: wavulana wamezidi. Mzazi anayemchunga binti yake na kumwacha mwanawe bila ya neno amelinda mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi. Mwaka 2011 Zanzibar ilipata Sheria ya Mtoto, na katika hospitali ya Mnazi Mmoja kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono kuwapokea waliodhuriwa. Ipo pia namba ya simu 116, isiyo na malipo, ya kuwasaidia watoto. Lakini kituo na simu vitamfaa nini mtoto asiyejua kutaja lililompata?

Aghalabu mtoto hunyamaza kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza, amefundishwa kwamba mkubwa hakataliwi. Lakini Mwenyezi Mungu, alipoamuru wema kwa wazazi katika Sura Luqman, aliweka mpaka: wakimlazimisha mtoto kumshirikisha Mungu, asiwatii, ingawa aendelee kukaa nao kwa wema. Ikiwa utii kwa wazazi una mpaka, utii kwa jirani, mjomba au mwalimu hauwezi kukosa mpaka. Mfundishe mwanao maneno haya matatu: kukataa, kukimbia, na kusema. Umwambie kwamba siri inayomwumiza si amana, na kuitoa si usaliti.

Sababu ya pili ni fimbo. Mtoto anayepigwa kwa kila kosa huogopa kusema hata asipokuwa mkosa. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alikemea vikali kuwapiga watoto, akaona kwamba apigaye kwa hasira ni kama ajifanyaye mshirika wa Mungu katika malezi. Naye aliwahimiza wazazi wawaombee watoto wao. Nyumba ambamo mtoto hatetemeki ndiyo nyumba ambamo siri mbaya haikai.

Afya nayo ina fungu katika mafunzo haya. Chukueni mfano wa kichocho, maradhi ya zamani katika Unguja na Pemba. Mdudu wake hutoka kwa mgonjwa anayekojoa majini, huingia kwa konokono, kisha hurudi majini na kupenya katika ngozi ya mtoto anayeoga kijitoni. Mtoto huona damu katika mkojo, naye kwa aibu hasemi, hali dawa ipo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, karne nyingi kabla ya wataalamu kumwona mdudu huyo. Basi mwalimu anayewafundisha watoto jambo hili anafundisha sunna na afya kwa pamoja.

Vivyo hivyo juu ya bahari inayotuzunguka. Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakaangamia. Huko Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za sitara. Huu ni ushahidi kwamba haya na elimu ya kuokoa maisha hazigombani.

Basi wazazi wafanye nini? Waanze mapema, kwa maneno safi na kwa kadiri ya umri. Mama azungumze na binti kabla hedhi haijamjia kwa hofu, na baba azungumze na mwanawe. Wafuate mfano wa Luqman, ambaye kila alipousia alianza kwa kumwita mtoto wake kwa upole, akamfundisha ibada, subira, mwendo wa unyenyekevu, na hata kupunguza sauti. Mwalimu wa shule na mwalimu wa chuoni washirikiane nao. Kwani tumeamriwa kujiokoa sisi na watu wetu na Moto, na hatuwezi kuokoa kwa kimya.

Ewe ndugu msomaji, jioni ya leo kaa na mwanao. Mwulize siku yake ilikwendaje, kisha usikilize mpaka amalize. Huo ndio mwanzo.

Mwenyezi Mungu atujaalie haya iliyo ya kweli, atupe ulimi wa hekima, na awalinde watoto wetu. Amin.