TUULIZANE KABLA YA KUJENGA

Fundisho la mwezi. Someni Marko 10:13-16 na 46-52, Zekaria 8:4-5.





Mwezi huu tunataka kutafakari pamoja jambo ambalo huenda wengine wakasema si la kanisani. Ni habari ya viwanja vya kuchezea watoto wetu, na jinsi inavyopasa kuvipanga. Tutachukua kwa mfano uwanja wa aina ngeni kidogo kwetu: ule wa saruji laini, wenye miinuko na mabonde, ambapo vijana husimama juu ya ubao mfupi wenye magurudumu manne na kuteleza. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu ni mgeni. Jambo geni ndilo linaloonyesha wazi kama sisi ni watu wa kuulizana au ni watu wa kuamuliana.

Mtu asidhani ya kwamba mchezo huo ni wa Ulaya na Marekani tu. Kitintale, katika jiji la Kampala, Jackson Mubiru na wenzake pamoja na vijana wa mtaa walijenga uwanja wa namna hiyo kwa mikono yao katikati ya miaka ya 2000. Kangemi, Nairobi, uwanja mwingine ulijengwa mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani liitwalo skate-aid. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza, na binti wa Kijapani wa miaka 13, Momiji Nishiya, akatwaa medali ya dhahabu. Basi tusiuite uhuni kabla hatujaujua.

Sasa tuliendee Neno la Mungu. Katika sura ya kumi ya Marko twaona watu wa namna mbili wakinyamazishwa. Mwanzoni ni watoto. Wazazi wanawaleta kwa Yesu, na wanafunzi wanawakemea. Mwishoni ni Bartimayo, kipofu aombaye kando ya njia ya Yeriko. Anapaza sauti, na watu wengi wanamwambia anyamaze. Mara zote mbili walionyamazisha hawakuwa maadui wa Bwana. Walikuwa wafuasi wake, watu wenye nia njema, waliodhani ya kwamba Mwalimu ana mambo makubwa zaidi ya kufanya.

Bwana alifanya nini? Kwa watoto alichukizwa na wale waliowazuia, akawakumbatia na kuwabariki. Kwa Bartimayo alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hebu tulipime neno hilo. Huyu ni kipofu, na kila mtu aliyekuwapo aliuona upofu wake. Yesu, ajuaye mioyo ya watu, hakukosa kujua haja yake. Hata hivyo alimwuliza, akangoja jibu litoke katika kinywa cha mtu mwenyewe, ndipo akamponya.

Ndugu zetu, ikiwa Bwana aliyejua yote aliuliza, sisi tusiojua tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Watu wa Upare twalijua jambo hili katika historia yetu wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chini ya utawala wa Waingereza, ililetwa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa kulingana na mali yake, lakini wananchi hawakuelewa amekadiriwa kwa kipimo gani. Mwezi Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakaja hapa Same, penye ofisi ya Bwana Shauri, wakakaa siku nyingi wakitaka wasikilizwe. Baadaye akina mama wa Usangi nao wakajitokeza kudai shauri hilo limalizwe. Profesa Isaria Kimambo ameziandika habari hizi, na wazee wetu wamezisimulia. Watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kama ilivyokuwa zamani. Walichokataa ni kukadiriwa gizani, na mwishowe kodi ile ikaachwa.

Lakini milima yetu inatupa pia mfano mwema. Nani asiyeijua ndiva? Maji ya mfereji huingia bwawani usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo kule Bangalala ni mojawapo, na ziko nyingine nyingi. Waliozipanga hawakutoka mbali. Ni wakulima wenyewe, waliojua maji yanapita wapi, udongo upi hauvuji, na shamba la nani liko mwisho kabisa wa mfereji. Kwa sababu hiyo matope yakijaa, watu huitana kwenye msaragambo, wakayazoa. Hawangoji mtu wa kuja kuwatengenezea, kwa maana kitu ni chao tangu siku ya kwanza.

Basi tukirudi kwenye uwanja wa watoto, tuna njia mbili mbele yetu: ya mbiru na ya ndiva. Tuseme siku moja mji wa Same, au kijiji kimoja milimani, umepata mfadhili au fungu la fedha la kujengea uwanja. Yapo mambo manne ambayo ofisi pekee haiwezi kuyajua.

Kwanza, ni mahali. Hapa Same tuko penye ukame, lakini mvua ikinyesha milimani maji hushuka kwa nguvu yakiwa na mchanga na mawe. Magurudumu ya ubao ule ni madogo sana. Kokoto moja hutosha kuyasimamisha, na mtoto akaanguka kifudifudi. Nani ajuaye korongo linapita wapi? Ni jirani anayeishi pale, na kijana achungaye mbuzi pale. Tena mji wetu umepitiwa na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, yenye mabasi na malori usiku na mchana. Uwanja utakaowalazimisha watoto kuivuka kila siku utakuwa ni mtego. Na kule Suji, Chome au Mbaga, mahali patambarare ni haba, na pengi pana shamba la mtu. Je, mwenye shamba ameulizwa?

Pili, ni umbo. Anayejifunza anahitaji mteremko mdogo, mbali na wale waliokwisha kuwa hodari, wasije wakamgonga. Wenye kuujua mchezo ndio watakaosema ni kimo gani kinafaa. Vilevile mteremko ule ule mpole huweza kumwingiza mtoto aendaye kwa kiti cha magurudumu, ikiwa tu mtu alimkumbuka kabla saruji haijamwagwa. Wengine watasema, sisi hatuna mbao hizo, na ni kweli kwamba si kila nyumba itaweza kununua. Basi pabaki mahali pa rede, pa kombolela na pa kuruka kamba, ili uwanja usiwe wa wachache.

Tatu, ni usalama. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli ya kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Twaona hapo kwamba Mungu hutazama hata ramani za wajenzi. Akina mama waulizwe: ni saa ngapi binti zao wanamaliza kuteka maji, na je, wakifika watakuta uwanja umejaa wavulana wakubwa? Kivuli kiko wapi saa sita, saruji inapowaka kwa jua? Choo kiko wapi? Mzazi atakaa wapi akitaka kutazama?

Nne, ni utunzaji. Saruji mpya yapasa kumwagiliwa maji kila siku kwa muda wa juma moja hivi, la sivyo hupasuka. Katika mji ambao umejua shida ya maji kwa miaka mingi, maji hayo yatatoka wapi, na nani atayaleta? Na baada ya hapo nani atafagia mchanga? Bwana wetu alifundisha katika Luka 14:28 ya kwamba atakaye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu huko ni vema kufanywe na wale watakaoibeba.

Labda mtu atasema, mkutano wa kijiji upo, na mambo haya husemwa pale. Ni kweli, tena twaushukuru. Lakini tukumbuke ya kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu waliotimiza miaka 18. Watoto wa miaka kumi, ambao uwanja ni wao, hawamo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Basi waulizwe mahali walipo: shuleni, katika Shule ya Jumapili, kisimani, malishoni. Wapewe kijiti wachore mchangani uwanja wanaoutaka, na mtu mzima akae chini atazame pasipo kucheka.

Hatusemi ya kwamba kila atakalo mtoto lifanyike. Mfalme Rehoboamu, katika 1 Wafalme 12, aliacha shauri la wazee akafuata la vijana wenzake waliokua pamoja naye, akapoteza makabila kumi. Wazee wana lao la kusema, na mafundi wana lao. Lakini tukiangalia vizuri, kosa la Rehoboamu lilikuwa hili: watu walimweleza mzigo wao, naye akawarudishia majibu makali. Aliwasikia kwa masikio tu. Hali kadhalika, kuwaita watu baada ya ramani kuchorwa na fedha kugawanywa, ili wapige makofi, huko si kuwauliza. Anayeuliza kwa kweli yu tayari kubadili mpango wake.

Kanisa letu lina mazoea mema katika jambo hili. Mitume, Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika kwa ajili ya wajane wao katika Matendo 6, hawakujifungia kuamua peke yao. Waliuita mkutano wote wa wanafunzi. Nasi Waanglikana katika Sinodi zetu tunakaa maaskofu, makasisi na walei, na kila kundi lina sauti. Yatupasa kuyapeleka mazoea hayo nje ya milango ya kanisa. Wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama, walimu wa Shule ya Jumapili na vijana, kila mmoja aweza kuwa daraja kati ya watoto na wale wanaopanga. Na pale ambapo majirani zetu Walutheri, Wasabato, Wakatoliki na Waislamu wana watoto wanaocheza na wa kwetu, tuwaendee pia, maana mpira hauulizi dini ya mguu.

Tena tukumbuke ya kwamba anayeulizwa ana deni. Ukitoa shauri lako juu ya uwanja, basi siku ya msaragambo uje na jembe lako. Mtoto aliyechora mteremko mchangani naye aje na ndoo yake ndogo. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza uraia, na hivyo ndivyo tulivyojifunza kutunza ndiva.

Nabii Zekaria, alipoonyeshwa Yerusalemu utakavyokuwa baada ya taabu zake, hakuonyeshwa jeshi wala soko la dhahabu. Aliona wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi njiani na mikongojo yao kwa wingi wa siku, na njia zile zile zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Huo ndio mji ambao Mungu ameurudia. Mzee yuko, na mtoto yuko, wala hakuna anayemfukuza mwenzake. Tuuombee mji wetu na vijiji vyetu vifanane na mji ule, na tuanze kwa kuulizana.

Mwezi huu kila nyumba imwulize mtoto mmoja swali lile la Bwana kwa Bartimayo, na isikilize mpaka mwisho.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewakumbatia watoto na kusimama kwa sauti ya kipofu, uyafungue masikio yetu. Utufundishe kuuliza kwa upole, kusikia kwa subira, na kujenga kwa mikono mingi, ili watoto wetu wacheze kwa amani katika nchi uliyotupa. Kwa jina lako takatifu. Amina.